Nilimlewesha Rafiki Yangu, Sasa Chuo Kinanipa Cheti

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie na tena upesi, kwa sababu Ijumaa ijayo nitapandishwa jukwaani mbele ya chuo kizima kupewa cheti cha ujasiri kwa kumwokoa mwenzangu, na ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba huyo mwenzangu mimi ndiye niliyekaribia kumuua.

Nina miaka ishirini na moja, niko mwaka wa pili, nasomea upishi wa hoteli. Chumbani bwenini tuko wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Kamusi, kwa sababu ukikosea neno mbele yake, hata kama unalia, atakusahihisha kwanza ndipo akupe kitambaa cha kufutia machozi. Kamusi hanywi pombe na hajawahi kunywa, mama yake ni msusi mwenye saluni nyuma ya chuo na amemlea peke yake kwa kitana na mkono wa chuma.

Sasa ile wikiendi ndefu iliyopita, Jumatatu ilikuwa sikukuu, matroni akaenda kumwona binti yake aliyejifungua, nasi tukasema paka akiondoka panya hutawala, Jumamosi mchana tukafanya sherehe uani, pale penye kamba za kuanikia nguo, tukatoa spika dirishani, na mimi kwa kuwa ndiye mpishi nikaambiwa nitengeneze juisi ya nanasi, nikatengeneza ndoo mbili nyeupe zinazofanana kama mapacha. Ndoo moja nikamimina ndani yake chupa mbili za pombe kali walizoleta wenzangu watatu, nikawaambia hao watatu tu, "Yenu ni ya kushoto," wengine wote nikawaelekeza ya kulia bila kusema kwa nini, nikajiona mjanja, sikubandika hata karatasi, nikasema nitasimama hapohapo niilinde, lakini mshauri, wimbo ulipigwa ninaoupenda.

Nilipokuwa nacheza, mtu mwenye nia njema akaona jua linazipiga ndoo, akazisogeza kivulini, na katika kuzisogeza ya kushoto ikawa ya kulia. Kamusi alikuwa amefua tangu asubuhi, shuka na mapazia, ana kiu ya ngamia, akaja akanywa vikombe vinne kwa pupa na kuniambia kwa mbali, "Leo umeweka tangawizi nyingi!" nami nikamwinulia dole gumba.

Baada ya muda akaanza kuwasahihisha watu maneno ambayo hawakuyasema, watu wakacheka, mimi nikacheka, kisha akakaa chini kati ya mabeseni, kisha akalala. Nikachukua kikombe chake nikanusa, na hapo nikajua. Mtu akauliza, "Tumwite muuguzi?" na mimi, mshauri, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu nikasema, "Amechoka kufua, acheni alale," kwa sababu nilijua muuguzi akija atauliza pombe imetoka wapi. Tukambeba mpaka chumbani, nikamlaza chali, nikamfunika shuka aliyoifua mwenyewe, nikafunga mlango nikarudi kucheza. Nilicheza nusu saa nzima na nilikuwa najilazimisha kufurahi.

Nilirudi chumbani si kwa kumjali, nilirudi kuchukua waya wa spika, nikamkuta anatapika huku amelala vilevile chali, anakoroma kwa sauti kama ya bomba lililoziba, midomo imebadilika rangi. Nikamgeuza ubavu, nikamtoa uchafu mdomoni kwa kidole, nikapiga yowe nadhani mpaka mama yake alisikia saluni. Mtunza bustani wa chuo akaja mbio na toroli lake, akamwaga mbolea yote njiani, tukamweka Kamusi ndani tukamkimbiza zahanati ya chuo iliyo nyuma ya bwalo.

Muuguzi alipomaliza kumhudumia akatoka akauliza, "Nani alimlaza ubavu?" Wote wakaninyooshea kidole. Akasema, "Umemwokoa mwenzako. Angebaki chali kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine." Mimi badala ya kusema ukweli nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Kamusi aliamka Jumapili akasema alikunywa juisi tu, hakuna aliyemwamini kwa sababu alikuwa ananuka pombe, akapewa onyo la maandishi. Mama yake kwa shukrani ananisuka kila Jumamosi, nikiwa nimekaa chini katikati ya magoti yake sina pa kukimbilia, machozi yake yananidondokea utosini, halafu anamgeukia bintiye, "Tazama mwenzako alivyotulia! Wewe nilikupeleka kusoma vitabu, ukaenda kusoma chupa!" Na Kamusi anakaa kimya, yeye ambaye hata tangazo la ukutani hulisahihisha kwa kalamu.

Nilikuwa nimejiambia mambo yataisha yenyewe, wale watatu nao wananiambia nifunge mdomo, lakini juzi tulikuwa tunakunja nguo akaniuliza, "Hivi mtu anaweza kunywa pombe akasahau kwamba alikunywa? Labda nilikunywa nikasahau." Tangu hapo chakula hakipiti. Na wikiendi nyingine ndefu imekaribia, mlezi wa wanafunzi anataka siku hiyo ya cheti niwahutubie wenzangu jinsi ya kusherehekea kwa usalama. Niseme nikafukuzwe chuo, au ninyamaze nihutubie vizuri watu wafaidike, au nipokee cheti kwanza ndipo niseme?

Ni mimi, Mpishi wa Ndoo Mbili.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya kwanza nilicheka mpaka nikafika pale ulipofunga mlango. Hapo nikaweka chai mezani.

Nianze na lililo zuri maana nalo lipo. Ulipomkuta mwenzako katika hali ile hukukimbia. Uligeuza, ulisafisha, ulipiga yowe. Hayo hayafutiki. Na mtu asiye na dhamiri hakosi hamu ya kula kwa sababu ya swali la rafiki yake, kwa hiyo wewe si mtu mbaya. Wewe ni mtu aliyefanya jambo baya, kisha akaonja utamu wa kusifiwa.

Sasa kaa vizuri nikuchape kidogo. Mpishi gani anaacha chakula bila kusema kimewekwa nini? Huko hotelini unakotaka kwenda, kuna mgeni asiyeweza kula karanga, kuna anayekunywa dawa, kuna mjamzito. Utawaambia "cha kushoto"? Kumpa mtu pombe bila yeye kujua si utani wa wikiendi. Ni kumnyang'anya uamuzi juu ya mwili wake. Na usiniletee habari ya aliyesogeza ndoo, huyo mwache na kivuli chake. Lakini kosa lako kubwa zaidi halikuwa kwenye ndoo. Lilikuwa kwenye maneno mawili, "Acheni alale." Uliyasema ukijua. Uliogopa matroni kuliko ulivyoogopa kifo cha mwenzako, na nakwambia vijana wengi huzikwa kwa sababu ya woga huohuo.

Unauliza kama uhutubie ukiwa umenyamaza ili watu wafaidike. Wafaidike na nini? Kamusi ataketi mstari wa mbele akisikiliza mlevi anavyookolewa, na mlevi ni yeye! Msichana huyo ameanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe. Kila siku unayochelewa unamnywesha kikombe kingine. Cheti kwanza, ukweli baadaye? Mwanangu, hilo futa hata kwenye mawazo.

Fanya hivi. Leo, si kesho, mkalishe Kamusi mkiwa wawili na umwambie yote, ndoo, kikombe ulichonusa, mlango uliofunga, hiyo nusu saa. Usilie kabla yake, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe, na leo si zamu yako. Usimwombe akusamehe papo hapo. Mwambie tu kwamba hakusahau chochote, hakunywa kwa hiari yake, na kwamba utalisema hilo popote atakapotaka. Akikutupia kiatu, kidake ukirudishe. Kisha mwende nyote wawili kwa mama yake. Chagua saa ambayo hana kichwa chako mikononi. Kisha, kabla ya hiyo Ijumaa, nenda kwa mlezi wa wanafunzi na maelezo ya maandishi, uombe lile onyo la Kamusi liondolewe, na cheti ukikatae kwa kinywa chako. Wale watatu waambie mapema kwamba unakwenda. Wakitaka waje, wasipotaka shauri yao. Adhabu utakayopewa, pokea. Kufukuzwa kunauma, lakini mtu hurudi kusoma. Kaburini harudi mtu.

Na kama bado watakupa nafasi ya kuhutubia, uwaambie wenzako haya bila mapambo. Kuleni kabla ya sherehe. Kinywaji chenye pombe kikae kwenye chombo chake, kiandikwe, na kiwe na mtu wa kukisimamia asiyecheza. Mkienda pamoja mrudi pamoja, na mhesabiane kabla ya kuondoka. Aliyekunywa asishike usukani, na wewe usipande gari lake hata kama ni kaka yako. Mtu akilala mkamwita, mkamtikisa, asiamke, huyo hajalala, ni mgonjwa. Mlazeni ubavu, mmoja asiondoke kando yake, mwingine aite muuguzi. Msimmwagie maji wala kumpa kahawa wala kungoja apate nafuu. Mtakaripiwa, ndiyo. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukaripiwa na matroni.

Kwa kuwa Ijumaa ilikuwa karibu kuliko siku ya gazeti, jibu hili nilimtumia binti huyu kwa simu siku ileile. Wiki nne baadaye akaniandikia barua, nami kwa ruhusa yake na ya Kamusi naichapa:

"Shikamoo mshauri. Nilimwambia jioni ileile tukiwa tumekaa kitandani. Akauliza, 'Kwa hiyo mimi si mlevi?' Nikasema, 'Hapana.' 'Na sina wazimu?' 'Hapana.' Akacheka kwa furaha kabisa, halafu akakumbuka mimi nilifanya nini, akanipiga na mto, akahamia chumba cha jirani siku sita. Siku ya saba alirudi kwa sababu, alisema, wale wa kule wanaongea lugha mbovu.

Kwa mama yake nilikusudia kusubiri kama ulivyosema, lakini nilipofika tu akanivuta nikae, akaanza kunisuka, nikashindwa kuvumilia nikasema yote nikiwa palepale chini. Mikono ikasimama. Nikafumba macho. Akasema, 'Kichwa changu kinataka nikufukuze. Lakini siwezi kumtoa mtu saluni kwangu amesukwa nusu, watu watasema ni kazi yangu.' Akamaliza kunisuka, na alikaza, mshauri, nilishindwa kupepesa macho siku mbili. Mlangoni akasema nisije mpaka aniite. Hajaniita bado. Ila juzi alimpa Kamusi mafuta ya nywele akamwambia, 'Hayo mnatumia wawili.' Na Kamusi ameombwa radhi na mama yake mbele ya wateja wote, amezoea vibaya, anataka aombwe tena.

Sikufukuzwa. Onyo la Kamusi limechanwa, langu limeandikwa, na wale watatu walikuja wenyewe wakapewa yao. Sote wanne tunaosha masufuria ya bwalo mpaka mwisho wa muhula. Nilihutubia, na ile nusu saa sikuiruka.

Wikiendi ndefu imepita. Tulisherehekea uani kwa ruhusa, matroni alikuwepo na alicheza kuliko sisi. Saa kumi alasiri msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akaegemea ukuta akasinzia. Walimrukia watu saba! Wawili wakamlaza ubavu, mmoja akamshika mkono, mmoja akakimbilia kwa muuguzi, mtunza bustani akatokea na toroli. Yule msichana akafumbua macho akafoka, 'Jamani, nimekesha nasoma! Mtu halali katika chuo hiki?' Alitutukana mpaka muuguzi akafika."

Vizuri sana. Wikiendi ijayo akisinzia tena, mrukieni tena. Akifoka, mwombeni radhi mmletee kiti. Anayewatukana anapumua.