Baba Korbinian, Ng'ombe Sita na Safari ya Kempten

Mwaka umetimia leo, Baba yetu Korbinian Haslach, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya theluji. Neno lako la mwisho lilikuwa kuuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa. Walikuwa wameshakamuliwa, Baba.

Tunakumbuka ulivyomsalimia kila ng'ombe kwa jina lake kabla hujatusalimia sisi wanao. Jibini uliwakatia wageni kipande kinene, chako kikawa chembamba. Ulikulia kwenye njaa ya baada ya vita, na chakula kwako hakikuwa jambo la mzaha. Wakubwa wa Ulaya waliposema wakulima zalisheni, mlizalisha kweli, mpaka siagi ikakosa pa kuwekwa.

Mwaka 1983 radi iliunguza zizi la jirani yetu Alois Prestel, pamoja na ng'ombe wake wote. Hukungoja kuombwa. Kati ya ng'ombe wetu kumi na wanane ulimpelekea sita akae nao hadi ajikwamue, na maziwa yao yakawa yanapokelewa kiwandani kwa jina lake. Mama akasema, "Korbinian, siku moja utatugawa na sisi!" Lakini alikuwa akicheka.

Mwaka uliofuata ikaja sheria kutoka Brussels: maziwa yamezidi, kila mkulima asivuke kipimo alichopeleka kiwandani 1983. Ng'ombe sita walirudi kwetu, kipimo chao kikabaki kwa Alois, maana maziwa yao yaliandikwa kwa jina lake. Mama hakucheka tena. "Nenda mjini Kempten, ofisi ya kilimo, ukawaambie yale maziwa ni yetu!" Ulivaa koti la kanisani ukaenda. Uliporudi ulisema neno moja tu: "Wamekataa."

Bila kipimo maziwa yao hayakuwa na wa kuyapokea, tukawauza wale sita kwa mchinjaji. Kaka yangu Xaver alikuwa na miaka kumi na saba, na hakutaka kitu duniani ila zizi lile. Lakini ng'ombe waliobaki hawakutosha kumlisha na yeye, akaenda kufunga nati kwenye kiwanda cha mashine. Mama naye aliwalaani watu wa Brussels hadi siku anakata roho.

Kumbe! Siku ya mazishi yako, supu ikiwa mezani, Mzee Alois alisimama.

"Wanangu, hakuna aliyemkataa baba yenu. Hakuingia. Tulikwenda wote Kempten, mimi nikamtolee ushahidi. Tulipofika mlangoni akaniuliza, 'Alois, wakinirudishia kipimo, wewe utabaki na nini?' Nikamwambia, sina kitu. Akasema, 'Basi twende zetu tukanywe bia.' Akaniapisha nisiseme."

Xaver alisukuma sahani akatoka nje. Mimi, binti yako Walburga, nilikasirika, Baba, sikufichi. Jambo letu sote uliliamua peke yako, tena ukatudanganya.

Supu ilikuwa imeshapoa Xaver aliporudi. Alivuta kiti akakaa karibu na Mzee Alois.

"Hiyo bia, angalau ulimnunulia wewe?"

"Mbili."

"Afadhali," Xaver akasema, akafuta macho.

Tunakukumbuka sisi wanao, Walburga na Xaver. Mjukuu wako Leni, anayekamua leo katika zizi lako. Na Alois Prestel, aliyeomba jina lake liwekwe pamoja na yetu. Tumemkubalia.

Tunaamini huko uliko umeshamwambia Mama ukweli. Kama bado amenuna, mvumilie. Sisi pia imetuchukua mwaka mzima.

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba.