Wananiuliza Futari Bei Gani

Temeke, kumi la mwisho la Ramadhani

Mdogo wangu Somoe,

Shikamoo yako nimeitikia hata kabla hujaitoa. Barua hii ikukute umekaa, maana najua habari za huo mguu. Je, umeacha kuusugua kwa mafuta ya taa kama nilivyokukataza? Wajukuu hawajambo? Mvua huko Newala zimeshika au bado mnanunua maji kwa ndoo? Mie mzima, namshukuru Mungu. Nafunga zote na umri wangu huu, wakati humu ndani kuna vijana wenye vidonda vya tumbo vinavyoanza saa nne asubuhi na kupona wakishakula chapati.

Mwanangu Rashidi alitaka nikurekodie sauti kwenye simu. Nikamwambia mama yake mdogo hasikii simu, na mie maneno yangu siyatupi hewani. Nimeandika mwenyewe kwa herufi zangu za kisomo cha ngumbaro. Huyo mjukuu atakayekusomea asome yote, asiruke pale ninapogomba, maana nitagomba.

Somoe, unakikumbuka kibaraza cha mbele ya nyumba yetu? Ulikaa hapo miezi miwili ulipokuja kutibiwa jicho. Shemeji yako marehemu alikuwa kuli wa bandarini, Kurasini, na kila alichobakiza alinunulia saruji. Nyumba haina dirisha hata moja, kibaraza kishasuguliwa kwa rangi nyekundu kinateleza. Nikamuuliza ni mwanamume gani anaanza na pa kukaa wageni wakati mkewe analala na mbu. Akaniambia dirisha ni letu peke yetu, kibaraza ni cha watu.

Na kweli kilikuwa cha watu. Hapo tulisukana, tulichambua mchele, tulisutana tukapatana. Wanaume walicheza bao mpaka wake zao wakaja kuwachukua. Mtoto wa nyumba ya kumi akitukana njiani alichapwa hapo hapo na aliye karibu, na akienda kushtaki kwao anaongezwa. Hakuna aliyepita bila kusalimia. Asiyesalimia tulijua amefiwa au ameiba.

Siku hizi mtaa wote ni kuta. Kuta na mageti, na geti limeandikwa mbwa mkali wakati ndani hamna hata paka. Vijana wanapita wameziba masikio kwa vile vidude vyao, shikamoo utaipata wapi. Jirani akipika siujui moshi wake. Akiumwa napata habari kwa gari lililokuja kumchukua. Nami nisijitakase, Somoe. Rashidi alipoleta televisheni kubwa hata mie niliingia ndani. Nilikuwaga nasema naangalia tamthilia moja tu. Miaka ikapita, kibaraza kikabaki cha kuanikia madekio.

Ndipo Rashidi akapata la kusema. Kabla ya mwezi kuandama alikuja na maneno yake laini, eti kibaraza kinakaa bure, kinakaribisha vibaka, wenzake wote wamevunja vyao. Anataka ajenge ukuta, na pembeni atoe fremu mbili za duka apangishe. Nikamwambia baba yake hakumwaga saruji ile awekwe muuza vocha. Akaniambia, "Mama, hiki kilikuwa cha watu. Wako wapi sasa hao watu?"

Swali lile liliniuma kuliko jino. Nikamwambia waliacha kuja kwa kuwa tuliacha kuwaita. Ramadhani hii nitafuturisha nje kama zamani. Akacheka. Akasema mtu wa njiani akikaa hapo akala na mie kabla ya Idi, hakivunji. Asipokaa mtu, nisilie. Tukakubaliana mbele ya mkewe.

Unakumbuka futari zile. Jua likianza kulegea kila nyumba inatoa sinia lake, mikeka inaungana mlango kwa mlango. Huyu katoa magimbi ya nazi, yule mhogo, yule tambi, na mabakuli tumeyatia alama ya rangi ya kucha chini yasipotee. Mpita njia alikamatwa mkono. Akisema nyumbani wananingoja anaambiwa tonge moja tu, na tonge moja linamaliza sinia. Hata wale vijana wa Kikristo wa gereji walikuwa wanajua adhana kuliko mwadhini.

Basi nikapika. Uji wa pilipili manga, magimbi, kunde, ndizi za nazi. Nazi nimekuna mwenyewe kwa mbuzi, si ile ya pakiti. Nikatandika mkeka, nikaweka sinia, nikakaa. Anapita kijana wa bodaboda, namwita karibu baba. Anasimama, anatazama sinia, ananiuliza sahani bei gani.

Nikamwambia haiuzwi, afuturu. Akacheka kama nimemtania, akauliza, "Basi na uji jumla shilingi ngapi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, nakuita ule, wewe unaniuliza bei. Mama yako alikuuzia ziwa?"

Akawasha pikipiki, akaenda na njaa yake. Akaja dada mmoja, huyo alitaka nimfungie kwenye mfuko, ana haraka. Nilipomwambia akae, akanitazama mikono na macho, nikaona anatafuta dawa niliyotia. Mwanamume mwingine alilizunguka sinia kama mtu anayekwepa dimbwi. Nikafuturu peke yangu, na Rashidi yuko dirishani ananiangalia. Angesema neno ningemtia machicha ya nazi mdomoni.

Hivyo hivyo siku ya pili. Siku ya tatu ndipo waliponivunjia heshima kabisa. Jirani wa geti jeusi, mama mmoja anayefanya kazi ofisi ya mizigo, kaleta nyumbani kwangu mfuko. Unga, sukari, mafuta ya kula. Kamkabidhi mkamwana wangu na maneno ya pole. Kaona bibi kakaa chini nje na masahani, kadhani sie tunaomba. Mie, Somoe. Mie niliyelisha mtaa huu mpaka waliohama wananikumbuka kwa magimbi.

Nikaubeba mfuko wake mpaka getini kwake. Nikapiga hodi mpaka koo likanikauka, kumbe pana kidude cha kubonyeza. Alipofungua nikamuuliza miaka mitatu tumetazamana, jina langu analijua? Halijui. Nami lake silijui. Basi tumeanza kupeana sukari kabla ya majina. Akaona haya yule mama, akasema, "Bibi, nisamehe. Mie Mkristo, nikadhani futari ni yenu wenyewe. Na hakuna aliyewahi kuniita."

Hilo la mwisho lilinipiga, sikulitegemea. Nikamwambia nimemwita sasa. Kesho yake akaja na kijiko chake mkononi. Kijiko nikamrudishia, tukala kwa mkono. Anakula vizuri yule, hana maringo, na kunde amesifia bila kuombwa. Nikasema moyoni nimeshinda.

Nimeshinda wapi. Rashidi aliporudi akasema huyo hahesabiki, nimemfuata kwake. Eti tulikubaliana ni mtu wa njiani. Mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa kokwa za korosho ananihesabia watu. Nikameza maneno, maana mwezi ni mtukufu na sikutaka kuharibu swaumu zangu kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Jana ndipo lilipotokea nililokaa kukuandikia. Rashidi alimwita fundi aje alasiri apime na kuacha vifaa vyake, ili wakila Idi waanze kupiga nyundo. Fundi hakutokea, kakwama na magari Buguruni. Adhana inalia ndipo anakuja kwa miguu, mtu mzima wa mvi, begi la nyundo na patasi begani, midomo imempauka kwa swaumu. Sikumjua kuwa ni nani. Nikamwambia karibu.

Somoe, hakuuliza bei. Alitua begi, akavua ndala akazipanga pembeni ya mkeka, akasema bismillahi. Nikamtilia uji, akanywa kikombe cha kwanza bila neno, cha pili akashukuru. Tukala. Akaniambia kwao walikuwa wanatoa sinia nje hivi hivi, na kwamba tangu mwezi uanze alikuwa anafungulia kwa maji ya chupa barabarani. Magimbi alirudia mara mbili. Nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Hapo Rashidi akatoka ndani na tochi, hana habari. Akasalimia, akasema, "Fundi, pole na safari. Kibaraza chenyewe ndicho hiki."

"Kipi?" fundi akauliza.

"Hicho ulichokalia."

Fundi akatazama chini, akatazama sinia, akanitazama mie. Akalamba vidole, akanawa taratibu. Kisha akasema, "Bosi, hapa mie nimeshalishwa. Sipapigi nyundo. Tafuta mtu mwingine."

Rashidi akamwambia asilete mzaha, kazi ni kazi. Yule baba akavaa ndala zake, akaweka begi begani, akaniambia ahsante bibi, Mungu azidishe, akaondoka. Hakugeuka.

Nikamwambia Rashidi mtu wa njiani ndiye huyo, kala. Anasema si wa njiani, yeye ndiye kamwita. Nikamwambia, "Wewe ulimwita kuvunja. Kula nimemwita mie." Akaingia ndani akafunga mlango. Leo asubuhi ananipitia kwa mbali, anamwambia mkewe kwa sauti ya mimi nisikie kwamba fundi wa pili atakuja Jumamosi, na huyo hana mchezo.

Na aje. Nimemtuma mkewe amwambie huyo fundi afike magharibi, kwa kuwa mchana kuna jua. Huyo jirani wa geti jeusi ameahidi kuleta samaki. Idi ikipita nitapika chai na mihogo, na atakayekuja na nyundo atakunywa kwanza.

Kwa hiyo nisikilize. Basi la huko likija, nitumie makopa ya mhogo, debe zima, na kunde nyekundu. Usiniletee kidogo kidogo kwa ubahili wako, sijui Rashidi anajua mafundi wangapi.

Nisalimie wifi yetu mjane na umwambie asiuze shamba. Msalimie shemeji mshona nguo, na mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Rashidi, amkumbushe alichomfundisha, na mjomba mzee anayeninunia mpaka leo kwa ajili ya mbuzi aliyekufa mwenyewe. Wajukuu wote wabusu vichwa.

Mie dada yako Salima,
nimekaa nje.