Nyota ya Jumatano na Saa Yangu ya Uchumba

Mpendwa Bi Teodora,

Naomba unisaidie maana nimechanganyikiwa. Nimeolewa wiki tano sasa, na kila nikiamka namtazama Witold wangu nisiamini kwamba ni wangu kweli, ananipulizia chai ipoe, na kazi yake ni kusikiliza nyota kwa darubini ya redio, ile sahani kubwa nje ya mji wetu hapa Poland, na tangu tulipochumbiana mwezi wa kumi nilikuwa nampelekea pierogi, vile vitumbua vyetu vya kuchemsha vyenye viazi ndani, kila Jumatano, naacha simu kwenye sanduku la getini kwa sababu simu inaipigia darubini kelele, halafu nakaa naye hadi amalize chakula. Majira hayo ya baridi Witold akanasa mlio ambao hakuna mwenzake aliyewahi kuusikia, akauita Jagoda, jina langu, nikalia kwa furaha. Wenzake wakawa wananitania, "Shemeji, mlio wako unakuja Jumatano tu, au unafuata harufu ya pierogi?" nami nacheka.

Sasa Jumatano iliyopita mlinzi, Mzee Lucjan, akanizuia getini. "Bibi harusi, na hiyo saa? Si inaongea na simu? Ivue." Ni saa aliyonivisha Witold siku ya uchumba, siivui hata nikioga. Nikaivua. Siku hiyo mlio haukuja, Witold akarudi nyumbani mnyonge, akasema, "Jagoda amenyamaza." Sijui kama mlio ulikuwa wa saa yangu au ni nyota imechoka yenyewe, na Jumatatu anakwenda Italia kwenye mkutano wa kila mwaka wa vijana wa Ulaya wanaosikiliza nyota kwa redio, ambako desturi ni kwamba kila aliyekuja lazima asimame aeleze kazi yake, naye ataueleza mlio huo. Nikisema namvunja moyo, nikinyamaza anaaibika mbele ya wenzake wote, na je, atanipenda vilevile kama kelele ni mimi?

Jagoda

Binti Jagoda,

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine ili uisome kabla ya Jumatatu. Pole, lakini acha kulia juu ya jambo usilolijua bado. Umekaa nalo siku ngapi huku mume akipanga nguo kwenye begi? Hapo umekosea. Na yeye amekosea zaidi: alinunua saa yenye kelele, akaitazama mkononi mwako miezi yote akila, asiione. Mapenzi yenu yamewaziba macho wote wawili.

Mwambie leo, akishashiba. Kesho aombe ruhusa kituoni, mwende pamoja: kwa muda uivae ile saa, kisha kwa muda kama huo uivue, yeye asikilize. Mtajua. Kama ni nyota, ataondoka kwa amani. Kama ni saa, bado nafasi yake ya kusimama ipo, kwa kuwa kule kila mtu husimama. Aeleze alivyodanganywa na alivyogundua. Vijana wenzake watacheka, kisha kila mmoja atarudi kwao kukagua mikono ya wageni.

Kuhusu kupendwa: hata kama kelele ni wewe, basi mwanamume huyu alikusikia wewe kila Jumatano tangu baridi ianze. Hakukosea kwamba kuna kitu kinamjia. Alikosea tu mahali kinapotoka.

Vua saa, iweke mezani kando ya sahani, useme.