Amani ya Baba Yusta

Nyakahura, Jumamosi

Tapeli gani yule, jamani! Leo gari la sinema limetuonyesha filamu uwanja wa shule: mwanamume anawalaghai wajane mpaka ng'ombe wa mwisho, kisha anapanda mlimani, anafumba macho na kutabasamu. Eti amepata amani moyoni. Bibi mmoja nyuma yangu akauliza, "Na ng'ombe amewarudisha?" Huku kwetu mwizi hurudisha kwanza, akatoa na pombe ya faini, ndipo watu wakanywa naye.

Mume wangu, baba Yusta, alilia machozi kabisa.

Tulipofika nyumbani akanishika mkono. "Mama Yusta, yule mbuzi uliyewatolea askari wetu walioko vitani, sikumfikisha wilayani. Nilipinda nikaenda naye Kabanga. Tulimla na rafiki zangu."

Mbuzi wangu mweusi! Mwenyekiti alinisifu kwa ajili yake mbele ya kijiji kizima, nikapigiwa vigelegele. Kesho ameniita tena mkutanoni, niwaeleze kina mama wa kijiji cha Nyamigogo namna ya kujitolea. Niwaeleze nini, mishikaki?

"Mbona unaniambia leo?"

"Ili nipate amani."

Na ameipata. Anakoroma kama mashine ya kusaga. Ametua mzigo wake, akanitwisha mimi.

Basi. Ana ndama wake anayempenda kuliko mimi. Nimeshamfunga kamba hapo mlangoni. Asubuhi wataongozana hadi mkutanoni, mimi nyuma yao na fimbo.

Akishamkabidhi, atabasamu mpaka meno yakauke.