Nyambizi Iliyochelewa Kurudi

Buffalo, 30 Mei 2025

Dada yangu mpendwa Delfina,

Amani ya Bwana ikukute wewe, mama na watoto hapo Louisville. Goti la mama linaendeleaje? Sisi huku mtaa wa East Side tu wazima, ila Juni inabisha hodi na bado tunavaa makoti. Usishangae kupata barua. Nikikupigia unaweka simu kwenye spika ili mama asikie, na haya nataka uyasome peke yako.

Tangu Machi nimeacha kazi ya ghala. Sasa napaka rangi nyambizi, manowari ile inayozama makusudi na kuibuka. Ni ya vita vya zamani, imefungwa hapa ukingoni mwa ziwa na watu huja kuitembelea. Siku ya kwanza nilipoteremka ndani niliona haya hata kuongea kwa sauti. Wanaume themanini waliishi humo, mahali pembamba kuliko kibanda chetu cha kambi ya wakimbizi, wakilala kando ya makombora na kupokezana vitanda.

Msimamizi wetu, mzee baharia mstaafu, alinisimulia historia ya nyambizi hiyo. Iliingia majini mwaka 1943, ikatumwa Pasifiki, ikaenda doria mara sita. Safari ya nne iliangushiwa mabomu kwa saa kumi na nne. Walivua viatu, wakazima hata feni, adui asije akawasikia. Taa zikapasuka, maji yakavuja, nao kimya. Dada, mimi ninayejua kujificha ni nini, nilishika ule ukuta. Baada ya vita ilitumiwa kufundishia mabaharia vijana, kisha ikastaafishwa.

Nyambizi pacha yake, iliyoundwa pamoja nayo, haikurudi. Mzee alinionyesha nakala ya taarifa ya wakati ule: hawakuandika kwamba imezama, waliandika imechelewa kurudi. Hadi leo mabaharia huihesabu kuwa iko doria, na kila mwaka huigongea kengele na kusoma majina ya watu wake wote. Jumatatu nilikuwapo. Waliposoma jina la mwisho nilitoka, nikakaa juu ya ndoo ya rangi, nikalia.

Nilimlilia Yonasi wetu. Unakumbuka alivyotoka kambini akavuka mpaka kwenda kwetu Makamba kuangalia shamba la baba, asirudi. Mwaka uliofuata, kwenye mahojiano ya kuja Amerika, afisa aliniambia mimi, niliyeandikwa msemaji wa faili ya familia, kwamba faili yenye mtu asiyejulikana aliko itawekwa kando. Nikamjibu kwamba kaka amekufa na nimemzika mwenyewe. Nikatia sahihi. Ninyi nikawaambia jina lake bado limo kwenye faili, atatufuata. Kila Krismasi mama huniuliza safari ya Yonasi imefikia wapi, nami humjibu kwamba Amerika wana mambo mengi. Ni miaka kumi na miwili sasa. Hakuna aliyenilazimisha, dada. Nilitaka tuondoke, basi.

Nimekwenda ofisi ya kutafuta waliopotea. Wanasema hawawezi kumtafuta mtu ambaye faili inasema amezikwa, mpaka niyakane maneno yangu kwa maandishi na mama atie sahihi ombi jipya. Jumamosi ijayo nakuja na fomu. Nitamwambia mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, kwa hiyo usinitangulie. Naomba tu uwe karibu, kwa maana sijui kama atashika kalamu au atanishika mimi.

Wabusu watoto. Mama mwambie nakuja, usimwambie kwa nini.

Mdogo wako asiyestahili,
Zabroni