Kinga Iliyozidi

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umepoa. Mimi nilikuwa nakuficha jambo. Miezi minne sasa tumbo linanikata na naharisha damu. Karakanani naacha kuchomelea mageti mara kumi kwa siku nikimbilie choo, na msimamizi ameanza kununa. Sasa hospitalini wamepima damu, wamekuta kingamwili zisizo za kawaida. Daktari anasema ugonjwa hauponi kabisa, ila una dawa. Nitakuja likizo Aprili nipumzike chumbani kwangu.

Kifunguamimba wako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unakwenda hivyo hivyo. Barua yako nimeisoma mara tatu, nimelia. Kinga, mwili, damu, ugonjwa usiopona: mimi si mtoto, najua unachokwepa kukitaja. Shangazi yako anasema usije kwanza. Wadogo zako wanalala chumba kile, na majirani wana macho. Meza dawa, mama. Nakupenda, lakini kaa huko.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijambo, ila nimekasirika na sitakuficha. Huo unaoudhani ni upungufu wa kinga. Mimi sina upungufu, nina ziada! Kinga yangu ina kiherehere: inauona utumbo wangu mwenyewe kuwa adui, inaupiga mpaka unatoka vidonda. Ugonjwa wangu hauambukizi hata tukila sahani moja. Na hata ungekuwa ule mwingine, nao hauambukizwi kwa kulala chumba kimoja, na bado ningekuwa mwanao. Shangazi amesomea umbea, hakusomea udaktari. Tarehe ishirini nakuja. Ukitaka kunifukuza, nifukuze mchana, majirani wote wakiwapo.

Kifunguamimba wako

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe. Barua yako nimempa shangazi yako aisome kwa sauti pale uani, majirani wakianika nguo. Alipofika penye umbea alikohoa, nikamwambia aendelee.

Sasa nisikilize. Damu hiyo naiona na mimi chooni, mwaka wa sita huu. Sikumwambia mtu, hata marehemu baba yako. Nilisingizia mgongo. Ulipoitaja waziwazi kwenye karatasi nikaogopa, nikaona bora nikufungie mlango kuliko nijitazame.

Njoo tarehe hiyo hiyo unipeleke nikapimwe. Choo ni kimoja, tutapokezana.

Mama yako