Programu Iliyogawiwa Kanisani

Altona, Manitoba
9 Machi 2011

Mpendwa mwanangu Marlis,

Hujambo, binti yetu? Kifua kimepona, au bado unakohoa na ukungu wa huko Halifax? Sisi wazima. Theluji imefika dirishani, na baba yako mdogo Abram huumwa mgongo kila nikimtajia koleo.

Niseme lililonishikisha kalamu. Umemkasirikia mama yako, na haki unayo. Programu ile ya kompyuta ya kuchora mablanketi ya viraka, uliyoitengeneza na kuiuza, ndiyo riziki yako, naye ameinakili kwenye flashi na kuwagawia wanawake wote wa chama chetu cha ushonaji. Nao wakawapelekea wenzao wa mji wa Winkler. Sasa unasema huenda ukafunga kazi.

Lakini unatujua. Kwetu anayeficha mchoro wake huitwa mchoyo kabla kahawa haijapoa. Dada Neta, mama yako, hakuona wizi, aliona fahari. Alizungusha ile flashi kanisani akisema, "Marlis wangu katengeneza hii!"

Ulipomwandikia, alisimama mbele ya chama, akawaomba waifute. Tina Penner akamkatiza: "We Neta, acha hizo! Vitambaa tunagawana, hamira tunagawana, leo hii ndo imekuwa dhambi? Tena tunawashonea wakimbizi!"

Mama yako akamjibu: "Kitambaa nikikupa, mimi nimepungukiwa. Hii nimekupa na bado ninayo. Aliyepungukiwa ni mwanangu, na wala sikumuuliza."

Wengi wameifuta, na wachache wameagiza kwako. Tina bado anajitia kiziwi. Wa Winkler sitakudanganya, maji yakimwagika hayazoleki.

Ila hili hulijui. Mama yako amefuta hata ile yake, uliyomzawadia kwa mkono wako. Nilimwambia, "Dada, hiyo ni halali yako." Akasema hataigusa mpaka wewe umruhusu. Sasa anachora kwa penseli, mistari inakwenda upande, anafuta, anaanza tena. Inaniuma kumtazama.

Kukupigia simu anaogopa, anadhani hutapokea. Mpigie wewe, mwanangu. Kazi yako uidai, usiache hata kidogo, lakini mama usimfungie mlango.

Msalimie mumeo Ewan, na umbusu Josie mashavu yote mawili. Abram anawasalimu. Mungu akubarikie kazi ya mikono yako, na aulainishe moyo wako kabla simu ya mama yako haijazoea kukaa kimya.

Mimi mama yako mdogo, nikupendaye hata ukinuna,
Susanna